Usinigandishie huyo kuku

Jamani tuelewane kitu kimoja kwanza. Kuku akifa usimtupie kwenye frizi alafu kesho kutwa ukaja naye kagandishwa kama jiwe unataka mimi wa maabara ya mifugo nikwambie amekufa na nini. Friji ya kawaida sawa, ile sehemu unayoweka maji na mboga, funga kwenye mifuko miwili, akilala humo usiku mmoja hamna neno. Frizi hapana. Maji yaliyoko ndani ya seli yakiganda yanakuwa vipande vya barafu na vile vipande vinachana kila kitu kuanzia ndani, si umeshawahi kugandisha nyanya alafu ukaiyeyusha ukaona ilivyo, basi na ini la kuku wako ndo hivyo hivyo. Mimi nikija kuweka kwenye maikroskopu naona mashimo mashimo tu, ugonjwa hauonekani, na wewe unaenda kusema maabara hawajui kazi.

Najua watu wanafanya kwa nia nzuri. Banda liko Chanika au Kibamba huko, kuku kafa saa sita mchana, joto la Dar mnalijua, foleni mnaijua, mtu anaogopa ataoza njiani. Na kweli anaharibika haraka mno, tena kabla hata hajaanza kunuka, kwa sababu mwili ukishakufa vimeng'enya vyake vyenyewe vinaanza kuyeyusha nyama kutokea ndani. Utumbo ndo unatangulia, masaa machache tu ule utando wa ndani umeshabanduka, figo na ini zinafuata, alafu kuku ana manyoya yanamtunzia joto kwahiyo kwake mambo yanaenda mbio zaidi. Ukiweza, usisubiri afe. Niletee anayeumwa akiwa hai, wawili watatu wenye dalili tofauti, pamoja na aliyekufa asubuhi hiyo. Huwa naona watu wanashangaa nikiwaambia hivyo, wanaona wakileta kuku mzima wanapata hasara, wakati huyo huyo jioni utamkuta naye amelala chini.

Sasa kwa wasionijua, nafanya kazi maabara ya mifugo hapa mjini, upande wa tishu, ile histopatholojia, yani tunachukua kipande cha kiungo cha mnyama, tunakikata chembamba mpaka mwanga upite, tunakipaka rangi, tunasoma kwenye maikroskopu seli zimefanywa nini. Watu wengi wanadhani kipimo ni tone la damu unaweka kwenye mashine jibu linatoka limechapwa. Vipo hivyo vipimo. Hiki sicho, na ndo maana mtu analeta sampuli Jumatatu mchana Jumanne asubuhi anapiga simu "dokta vipi majibu" (mtu yeyote mwenye koti jeupe ni dokta, nishazoea).

Kipande lazima kwanza kikae kwenye formalini, ile dawa ya kuzuia kuoza, siku moja mpaka mbili. Formalini inasimamisha ule uharibifu pale pale ulipofika, inazifunga protini zisiendelee kuyeyuka. Ile kali ya kununua ni kama asilimia 37 mpaka 40 ya formaldehaidi, unachanganya sehemu moja na maji sehemu tisa, na sisi tunaongeza chumvi za fosfeti isiwe na asidi maana ikiwa na asidi inaacha madoadoa ya kahawia kwenye damu yanakuja kutuchanganya. Kipande kiwe chembamba, nusu sentimita hivi, kisizidi sentimita moja, na dawa iwe nyingi angalau mara kumi ya nyama. Mtu anachukua ini zima la ng'ombe anabananisha kwenye kopo anamwagia formalini kidogo juu, nje linakuwa gumu zuri kabisa, ndani limeoza. Dawa inaingia taratibu mno. Na chonde chonde usitumie chupa ya maji ya kunywa! Nyama ikiwa mbichi inateleza vizuri tu kwenye ule mdomo mwembamba, ikishakaa kwenye formalini inakakamaa haitoki tena, mnakuja kutuachia sisi tuichane chupa kwa wembe huku macho yanawasha. Tafuta kopo la mdomo mpana, na uvae glavu, na ukae kwenye hewa, ile kitu ni sumu na ni ya kansa, usiichanganyie jikoni.

Ikitoka hapo tunapunguza vipande, kila kimoja kwenye kaseti yake ndogo ya plastiki, vinaingia kwenye mashine usiku. Kazi ya mashine ni kutoa maji tu, ethanoli asilimia 70, ikapanda ikapanda mpaka 100, alafu zailini, kimiminika kingine, inaitoa ethanoli, alafu nta ya parafini ya moto kama nyuzi 60 inaingia pale maji yalipokuwa. Asubuhi una kipande cha nyama kilichogeuka nta, unakimwagia nta nyingine kwenye kiumbo cha chuma kinakuwa bloku.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote, kukata. Maikrotomu ina wembe mmoja na gurudumu la kuzungusha kwa mkono, kila mzunguko bloku inasogea mbele maikromita 4, yani milimita moja uigawe mara 250. Vile vikatwa vinatoka vimeshikana ncha kwa ncha vinafanya utepe, unaushika na brashi ndogo unauelekeza juu ya maji ya uvuguvugu, unatandaa wenyewe mikunjo inaisha, unapitisha slaidi chini yake unauzoa. Sasa fikiria unafanya hivyo Dar, mwezi wa pili, feni IMEZIMWA maana feni ikiwaka utepe unaruka wote, jasho linatiririka, nta inalainika kwa joto kwahiyo kila baada ya muda unarudisha bloku kwenye barafu, na umeme nao una mambo yake. Hata kupumua unapumulia pembeni. Ikikubali lakini, aisee, raha yake naijua mimi.

Rangi zetu za kila siku ni mbili, hematoksilini na eosini. Hematoksilini inatoka kwenye moyo wa mti unaoota Mexico na Amerika ya Kati, mpaka leo, inapaka viini vya seli bluu ya zambarau, eosini inapaka kilichobaki pinki. Kwa hizo mbili tu unasoma mambo mengi sana. Zikishindikana zipo za kazi maalumu, kwa mfano vile vinundu wanavyovikuta wakaguzi wa nyama kwenye mapafu ya ng'ombe machinjioni, ukitaka kujua kama ni kifua kikuu unapaka rangi ya Ziehl-Neelsen unatafuta vijidudu kama vijiti vyekundu.

Ngoja niwape mfano wa mama mmoja mfugaji wa kuku wa mayai, upande wa Kitunda. Kuku wake walikuwa na wiki kama kumi na mbili, wanaanza kuchechemea, mguu mmoja umenyooka mbele mwingine umeenda nyuma, wanakonda, wanakufa mmoja mmoja kila siku. Majirani wakamwambia ni upungufu wa vitamini, akanunua vitamini. Dukani wakampa na antibayotiki. Hela imeenda, kuku wanaendelea kwenda. Akaja na kifuko, ndani kuna ini tu, limevimba lina madoa meupe, kwa macho yake ndo lililokuwa baya kuliko vyote, vingine kavitupa.

Nikamwambia mama hili ini lina uvimbe kweli, lakini uvimbe wa hivi kwenye kuku unaweza ukaletwa na ugonjwa wa Mareksi au wa lukosisi, na kwenye ini peke yake inanipa shida kuutenganisha. Akasema mwanangu si vyote ni kansa tu? Ndiyo mama vyote ni kansa ya seli nyeupe, ila Mareksi ni kirusi kinachosafiri na vumbi la manyoya na ina chanjo, anachanjwa kifaranga wa siku moja kule kule alikototolewa, na lukosisi inatoka kwa mama kuku kupitia yai na chanjo haina. Kwahiyo ikiwa ya kwanza una maswali ya kumuuliza aliyekuuzia vifaranga kuhusu chanjo, ikiwa ya pili una maswali kuhusu kuku wazazi. Na banda lako unalishughulikia tofauti.

Kesho yake akarudi na wawili wazima wanaochechemea. Tukawapasua, nikachukua neva kubwa ya paja, ile inayopita ndani chini ya misuli, upande mmoja ilikuwa nyembamba nyeupe ina mistari mistari ya kukatiza kama inavyotakiwa, upande wa pili imenenepa mara mbili, ya njano njano, mistari imepotea. Nikachukua na bursa, kile kifuko kilichoko juu ya tundu la kinyesi upande wa mgongoni, na wengu, na ini tena. Kwenye slaidi ile neva ilikuwa imejaa limfosaiti, yani hizo seli nyeupe, za kila saizi, ndogo, za kati, kubwa, zimejipenyeza katikati ya nyuzi. Lukosisi haifanyi hivyo, yenyewe seli zake zinafanana zote, kubwa kubwa za umri mmoja, zinaanzia kwenye bursa na neva zinaziacha, alafu kwa kawaida inasubiri kuku wavuke miezi mitatu minne ndo ionekane. Daktari wetu akasaini Mareksi.

Sikuwa na habari nzuri ya kumpa, maana dawa hamna. Ila aliacha kununua vitamini siku hiyo hiyo. Akatenga wanaochechemea, na kundi lilipoisha akatoa maranda yote, akaosha, akaacha banda likae tupu, maana kile kirusi kinaishi kwenye vumbi miezi na miezi, na vifaranga wapya hawaweki tena karibu na wakubwa. Chanjo yenyewe inazuia uvimbe, haizuii kirusi kuingia, hilo wauzaji wengi hawalisemi.

Mnaona sasa kwanini nasumbua watu kuhusu sampuli. Kiungo kinachotisha kwa macho si lazima ndo chenye jibu, na hata kikiwa ndicho, kata pale mpakani, nusu iwe imeharibika nusu nzima, katikati ya kidonda huwa ni seli zilizokufa tu.

Wa ng'ombe msininunie, na nyie nina neno. Mwaka 1897 Robert Koch, yule Mjerumani wa kifua kikuu, alikuwa hapa hapa Dar es Salaam anachungulia damu ya ng'ombe, akaona vidudu vidogo akadhani ni hatua ya kimelea cha homa ya Texas, ugonjwa mwingine wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Baadaye ikaja kujulikana ni kimelea kingine kabisa, Theileria parva, ndigana kali hiyo, mpaka leo vile vidoa vya bluu ndani ya limfosaiti vinaitwa vya Koch. Kuvipata wala huhitaji nta, mtaalamu anachoma sindano kwenye tezi iliyovimba chini ya sikio, anapaka kwenye slaidi, ikauke, methanoli, rangi ya Giemsa, siku hiyo hiyo una jibu. Lakini usifunge hizo slaidi mfuko mmoja na kopo la formalini! Mvuke wake tu unatosha kuharibu rangi.

Ng'ombe aliyeanguka ghafla na damu inatoka puani au nyuma haigandi, huyo usimpasue kabisa. Kinaweza kuwa kimeta, ukimfungua vile vijidudu vikipata hewa vinatengeneza mbegu zinazokaa ardhini miaka na miaka. Mwite daktari wa mifugo, tone la damu ya sikio linamtosha.

Na mbwa mliyemhisi kichaa, zamani tulikuwa tunatafuta vidoa vya Negri, alama za kichaa ndani ya seli za ubongo, tangu 1903 hiyo, lakini ukivikosa haimaanishi hana. Kipimo chenyewe sa hivi kinataka ubongo mbichi wenye ubaridi, kwahiyo kichwa chote kikizamishwa kwenye formalini umetufungia mlango. Wala usikikate mwenyewe. Na aliyeng'atwa asisubiri majibu yetu, aoshe kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 aende hospitali.

Ukija basi njoo na maelezo. Umri wao, wako wangapi, wamekufa wangapi, wamechanjwa nini lini, umewapa dawa gani (hata zile za kienyeji, mimi sikusemi), kilianza kuonekana nini kwanza. Na lebo ya kuweka ndani ya kopo iandike kwa penseli, wino wa peni ukikutana na formalini na ethanoli unatoka wote, tunabaki na makopo manne na hatujui lipi la nani.