Chupa ya tano

Jumapili, saa nne usiku

Mvua imekatika hapa Umoja, Nairobi. Chupa ya tano ya maji ya vepu, yaani sigara ya kielektroniki, iko mezani kando ya mizani, nimeiandika ubavuni: iliki asilimia 0.5, vanila 1.5, na tarehe ya leo. Nne za kwanza nimezimwaga.

Ninachotafuta ni chai. Ile ya mama ya alfajiri, iliki imepondwa kinuni pamoja na maganda yake, maziwa yanapanda hadi ukingo wa sufuria naye anayapuliza yashuke. Ni mwezi wa kumi na moja tangu niache sigara, na pua iliponirudia, harufu hiyo ndiyo iliyokuja mbele ya zote. Nikataka niipate kwenye vepu, maana nikotini bado imenishika na sina haja ya kuficha.

Chupa ya kwanza niliitia iliki asilimia tatu. Kwa mililita kumi hiyo ni mililita 0.3, kama matone sita hivi, nikaona ni kidogo mno. Nilipovuta, kifua kilijaa ubaridi kana kwamba nimepakwa dawa ya mafua. Baadaye nikaelewa: iliki ina sineoli nyingi, kitu kilekile kinachoyapa majani ya mkaratusi ukali wake. Sufuriani kuna maziwa na sukari ya kuipoza. Kwenye mvuke haina wa kuipoza.

Ya pili nusura niiharibu vibaya zaidi. Kwenye duka moja la vifaa vya keki huko mjini, muuzaji alinipa kichupa cha arki ya iliki, bei rahisi. "Hii ndiyo wapishi wote wanachukua, ndugu yangu." Nikakigeuza nyuma nikasoma herufi ndogo: mafuta ya mboga. Nikamrudishia. Mafuta tumbo huyameng'enya, lakini mapafu hayana uwezo huo. Yakiingia na kukaa, huleta nimonia. Arki ya kuchanganyia iwe imeyeyushwa kwenye propilini glaikoli, majimaji yasiyo mafuta yanayobeba ladha, na hata hiyo, kuwa salama mdomoni si hakikisho la kuwa salama kifuani.

Kisha ladha ya maziwa nayo ikanishinda. Ladha za siagi, krimu na kastadi nyingi hutegemea diasetili, kemikali yenye harufu ya siagi. Mwaka 2000, huko Missouri nchini Marekani, watu waliofanya kazi katika kiwanda cha bisi waligundulika na ugonjwa unaoziba vijia vidogo vya hewa mapafuni, makovu yasiyofutika, na mvuke wa ladha ya siagi ndio uliohusishwa nao. Bisi zenyewe mtu anakula bila shida. Kisha 2015 watafiti wa Harvard walipima ladha 51 za sigara za kielektroniki wakaikuta diasetili katika 39. Chupa ya tatu ilikuwa na krimu. Harufu yake ilikaribia chai ya mama kuliko zote, na ndiyo iliyoniuma kumwaga.

Ya nne iliharibika kwa utamu tu, ikaunguza pamba ya koili, ule waya unaopasha maji ndani ya vepu, siku ya pili.

Sasa naonja bila nikotini kwanza, mililita kumi kwa kumi, gliserini sabini kwa thelathini za glaikoli. Nikotini yenyewe naishika na glavu, tena inafungiwa juu kabisa, kwa sababu mpwa wangu wa miaka mitatu hufika kila Jumamosi na hakuna droo asiyoifungua. Kijiko kimoja tu cha maji yale kinatosha kumuua mtoto. Wiki hii nimehakikisha kufuli mara mbili usiku.

Jioni nilimpigia mama nikamuuliza anatia iliki ngapi.

"Mbili tu, mwanangu. Kwa sufuria nzima. Ukizidisha inakuwa dawa."

Sikumwambia kwa nini nauliza. Nilirudi mezani nikapunguza hadi nusu ya asilimia, yaani tone moja tu, kisha vanila nyuma yake. Nikatikisa. Vanila itaugeuza mchanganyiko kuwa wa kahawia kadiri siku zinavyokwenda, na ladha zinahitaji kama wiki mbili gizani zishikane. Nimefungua kifuniko mara moja nikanusa. Iliki ipo, kwa mbali, kama inayotoka jikoni kwa jirani. Maziwa hayapo.

Nimeifunga kabatini. Kesho nikitoka kazini nitapitia Ngara ninunue iliki za sufuria, na maziwa nusu lita.