Nilivyokikagua chuo cha wananchi kabla ya kumpeleka mdogo wangu

Mlinzi wa getini aliniuliza nimetoka wizara gani. Siku hiyo nilikuwa nimechomekea shati, daftari mkononi, nadhani alinifananisha na mkaguzi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, mimi fundi tu wa kuchomelea. Nina mdogo wangu nataka kumleta asome." Akacheka, akanisogezea stuli. Nilikaa naye karibu nusu saa kabla sijaingia ofisini, na sijutii hata dakika moja.

Mdogo wangu aliacha shule kidato cha pili, 2019, kwa mimba. Enzi zile ukitoka ndiyo umetoka. Serikali iliporuhusu waliojifungua warudi madarasani, Novemba 2021, mwanawe alikuwa keshaanza kukimbia uani na hamu ya sare ilikuwa imemwisha kabisa. Mama alipomgusia, alijibu, "Mama, niliowaacha darasani wanamaliza. Nikakae dawati moja na wadogo zao?" Yeye alitaka umeme. Kila aliyemsikia alimshauri ushonaji. Lakini umeme wa REA, wakala wa umeme vijijini, ulikuwa umeingia kijijini, watu wanaunganishiwa kwa 27,000, halafu fundi kutoka wilayani anakuja kuwafungia taa nne kwa bei mara kadhaa ya hiyo. Mdogo wangu aliyaona mwenyewe, maana fundi mmoja alimwomba amshikie tochi juu ya dari, akashinda naye siku nzima.

Mimi ufundi niliupata mtaani, miaka minane bila karatasi yoyote, mpaka VETA, mamlaka ya ufundi stadi, waliponifanyia ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wa kumpima aliyejifunza mtaani, ndipo nikaitwa fundi mwenye cheti. Kwa hiyo najua inavyouma kazi yako ikisifiwa halafu tenda akapewa mwingine. Kwenye umeme ni zaidi. Leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, inataka cheti, na fomu ya kuomba umeme TANESCO inataka muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Mtu anaweza kufunga nyumba nzuri kuliko wote na bado akabaki kibarua wa mwenye muhuri. Nikasema huyu hataanza nilivyoanza mimi.

Nilianza kuulizia mjini. Chuo kimoja cha binafsi, juu ya duka la simu, kilitaka laki nane kwa mwaka. Nilipoomba kuiona karakana nikaambiwa ipo "site". Site gani, hawakusema. VETA ya mkoani ada yake ni nafuu mno, 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, ila dirisha la maombi lilikuwa limefungwa, na hata lingekuwa wazi nisingejua yule mtoto wa miaka miwili nimweke wapi. Mama anaumwa miguu, hawezi kumkimbiza.

Ndipo mteja wangu mmoja akaniambia habari za vyuo vya maendeleo ya wananchi. Nilikuwa navipita barabarani nikidhani ni vya wazee kujifunza kusoma. Kumbe vipo 54 nchi nzima. Vilianzishwa 1975, Mwalimu Nyerere alipoiga mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na tangu mwanzo vilikusudiwa wale ambao mfumo wa shule uliwaacha njiani. Ukiwa umeishia darasa la saba unapokelewa. Kwenye baadhi yake kuna mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaowapokea mabinti waliokatishwa shule, na watoto wao wanalelewa palepale chuoni wakati mama yuko darasani. Hilo la watoto ndilo lililonipandisha basi. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu nitakisifu na kukisema pia.

Kutoka barabara ya lami ni bodaboda, elfu tano. "Masika ni elfu kumi," mlinzi akanijuza, "na siku nyingine hata ukiwa na elfu kumi hupiti." Nikaandika. Nikamuuliza maji. Yanatoka asubuhi, saa sita yamekata, wanafunzi wanajaza madumu. Nikaandika. Kisha nikamuuliza swali nililokuja nalo: mwalimu wa umeme anakuja kazini? Mzee akanitazama. "Yule? Yule hata Jumamosi namfungulia geti." Sikumuuliza wa fani nyingine.

Ofisini walinipokea vizuri, wakanipa fomu ya kujiunga. Niliuliza mambo mawili tu. La kwanza, usajili wao NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na mtihani wa ngazi gani, wakanionyesha. La pili, ada inalipwaje. Wakasema kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwenye simu. Hapo nilitulia, maana chuo cha umma kikikuambia utume pesa kwenye namba ya mtu, shuka ngazi uondoke.

Halafu nikaomba karakana.

Ya kuchomelea niliingia kwa sababu ni ya kwetu. Sikuangalia mashine, mashine huwa inapakwa rangi mgeni akija. Nilikwenda kwenye lundo la vyuma chakavu nyuma ya mlango, nikainama nikaokota. Kila kipande kilikuwa na mistari ya kuchomelea, mingine imepinda kama njia ya konokono, mingine imetoboa chuma, na chini kabisa ya lundo kutu tupu. Hao wanachoma kweli.

Ya umeme ilikuwa chumba kirefu, ukutani mbao za mazoezi nane. Hizi ndizo wanafunzi wanafungia swichi, soketi na sakiti breka, wanapitisha waya, mwalimu anakagua, wanabomoa, mwingine anaanza upya. Nilisogea mpaka pua ikawa karibu na ubao. Mbao sita zilikuwa zimetobolewa na skrubu mpaka zimekuwa kama chekeche, na mahali pengine wameziba matundu kwa njiti za kiberiti ili skrubu mpya ishike. Mbili zilikuwa mpya, zimepakwa vanishi, soketi zimenyooka, hakuna tundu la ziada. Nikamuuliza mwalimu hizi vipi. Akaona aibu kidogo. "Hizo za maonyesho, ndugu yangu. Nanenane." Nikampenda kwa kusema kweli.

Ila hakuna aliyenificha udhaifu na mimi siuachi. Mwalimu ni huyo mmoja kwa miaka yote miwili ya kozi, akiugua kozi imeugua. Mita za kupimia zilikuwa mbili kwa wanafunzi ishirini na kitu. Chumba cha kompyuta kilikuwa na kompyuta zilizofunikwa vitambaa vya kufuma, kama redio za bibi, na vumbi juu ya vitambaa.

Wasichana kwenye umeme walikuwa wawili. Nikamwomba matroni niongee nao, akaniruhusu tukae chini ya mwembe anapotuona lakini hasikii. Sikuuliza kama wanapenda chuo, nani atasema hapana? Niliuliza wanaenda bafuni saa ngapi. Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Kaka, taa ya nyuma imeungua muda, tunaoga kabla ya magharibi." Darasa zima la umeme na taa ya bafu la wasichana imekufa! Nilirudi kwa mwalimu nikamwambia bila kutaja nani kasema. Kama wiki mbili baadaye nilipiga simu kuuliza, ikawa imewekwa, na nikaambiwa wale wasichana ndio walioifunga.

Kwenye nyumba ya watoto nilifika saa ya uji. Walikuwa kumi na mmoja kwenye mkeka, mama mlezi mmoja na mwanafunzi wa zamu. Kulikuwa na mtoto analia na mtu wa kumbeba. Sikuhitaji zaidi.

Usiku gesti nikapiga hesabu. Ada na chakula cha bweni, 280,000. Bei nzuri, ndiyo iliyokuwa imenilevya. Lakini fomu ilikuwa na ukurasa wa pili: godoro, 65,000, ovaroli na buti, 55,000, kisanduku cha vifaa, koleo, bisibisi, testa na ndugu zake, 95,000. Nauli ya kwenda na kurudi mara nne kwa mwaka, 120,000. Jumla 615,000, na hapo mtoto hajanywa maziwa. Yaani ada haikufika hata nusu. Anayekuambia chuo ni bei rahisi muombe akuonyeshe ukurasa wa pili. Bado kilikuwa chini ya kile cha juu ya duka la simu, ambacho laki nane zake hazikuwa na kitanda wala ugali.

Nilirudi nyumbani najiona mjanja. Chuo nimekikagua mpaka matundu ya skrubu, karatasi zetu wenyewe sijazigusa. Wiki moja kabla ya kuripoti ndipo mdogo wangu akaleta cheti cha kuzaliwa cha RITA: jina la katikati ni la baba. Cheti cha darasa la saba: jina la katikati ni la babu. Mtu mmoja, majina mawili. Ikabidi tukimbilie kwa wakili kuapa, elfu ishirini, kisha kusubiri mhuri, na aliripoti siku nne baada ya wenzake, akakuta vitanda vya chini vimekwisha. Na mtoto hawezi kulala juu ya dabo deka. Alibadilishiwa na binti mmoja aliyemhurumia.

Sasa yuko mwaka wa pili. Mita bado ni mbili, nimemnunulia yake ya bei ndogo, na mara ya kwanza iliazimwa ikarudi haina waya mwekundu. Juzi alinipigia kuomba pesa ya waya huo. Nikamuuliza, ile mbao ya tatu kutoka dirishani, yenye njiti za kiberiti, bado ipo?

"Imetolewa, kaka. Haishiki tena skrubu. Mwalimu ameshusha moja ya zile za Nanenane, na mimi ndiye nimeitoboa wa kwanza."

Pesa ya waya niliituma jioni.