Wenzo wa Usalama kwa Mpigaji Shabaha wa Mashoto

Bastola ya 1911, iliyobuniwa na John Browning, kwa umbo lake la asili ina wenzo wa usalama (ukipandishwa huzuia kufyatua, ukishushwa huruhusu) upande wa kushoto tu, ambako gumba la kulia hulala juu yake, nasi mashoto twaachwa tujitegemee. Rafiki mmoja hapa Nakuru, mwenye cheti halali cha kumiliki silaha, ameniomba ushauri, nami nikamwambia aweke wenzo wa pande zote mbili, ila achague kwa makini.

Nyenzo hizo mbili huungana katikati, ndani ya fremu, na kiungo hicho ndicho cha kukaguliwa kwanza, kwa sababu kikilegea, gumba la kushoto hushusha wenzo wa kulia ilhali ule wa kushoto unasitasita. Napendelea wenzo wa kulia uwe mpana kiasi, na wa kushoto uwe mwembamba, kwa kuwa huo hukaa karibu na fundo la kidole cha shahada na hujishusha ukisukumwa. Ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola, nayo ijaribiwe: bastola ikivaliwa kiunoni kushoto, wenzo wa kulia huelekea mwilini, na tumbo (langu si dogo) huweza kuuteremsha.

Kazi ya kuuchonga uoane na fremu ni ya fundi mwenye leseni, si ya tupa ya nyumbani. Akimaliza, hakikisha bastola haina risasi, vuta nyundo nyuma, pandisha wenzo, bonyeza kifyatulio kwa nguvu, kiachilie, kisha shusha wenzo. Nyundo ikisogea hata kidogo, irudi kwa fundi siku hiyo hiyo.