Usiku wa Tyubu ya Lori

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda ilifunga kazi zake Arusha tarehe 31 Desemba 2015, lakini miezi mingi kabla ya hapo mji ulishajaa vitu vya watu wanaoondoka. Makochi, majokofu, mazulia, vitanda vya watoto. Kila ukipita Njiro au Sakina unaona karatasi ya bei imebandikwa getini. Wenzangu walipata makabati. Mimi nilipata bahari.

Nilikuwa nikimfundisha Kiswahili mfanyakazi mmoja wa mahakama hiyo, na kila aliposafiri aliniachia ufunguo niwalishe samaki wake. Sebuleni kwake palikuwa na tangi la kioo la lita 400, na ndani yake kipande cha mwamba wa bahari kilicho hai: matumbawe laini yaliyopepea, matumbawe magumu yenye matawi, kiumbe mmoja wa minyiri minene inayochoma, kama mikono midogo ya pweza, na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, waliolala katikati ya minyiri hiyo bila kudhurika. Mkubwa ni jike, mdogo ni dume. Kwa samaki hawa, wote huanza wakiwa madume, na jike akifa, dume wake hugeuka jike. Matumbawe yalikuwa na karatasi zake, maana matumbawe magumu yamo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, na hayavuki mipaka bila kibali. Alipofungasha mizigo akaniambia, "Mwalimu, hili siliuzi. Chukua wewe, unalijua."

Nililichukua kwa sababu ya Tanga. Nimekulia huko, na mjomba wangu ni mvuvi wa mishipi na madema, ile mitego ya samaki. Nilipokuwa mdogo alinipakia kwenye ngalawa, nikachungulia chini maji yakiwa yamekupwa, nikaona rangi ambazo bara sijawahi kuziona. Kisha nikakua nikisikia milipuko. Watu walivua kwa baruti, na mahali palipokuwa na bustani pakabaki kifusi. Ndiyo maana sikuwahi kumwomba mjomba tumbawe hata moja. Nilimwomba maji.

Maji ndiyo kazi yenyewe. Maji ya bomba ya Arusha yana floraidi itokayo kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, hiyo hiyo inayowapaka watoto wetu meno ya kahawia, nami sikuthubutu kuyatia. Nilikinga mvua kwenye mabati, nikaipitisha kwenye mashine ya kuchuja niliyoachiwa. Chumvi ya jikoni nayo haifai. Tumbawe linahitaji kalsiamu na magnesiamu ili lijijengee mifupa yake. Ndoo ya chumvi maalumu ilipokwisha, mjomba akaanza kunipandishia maji ya bahari kwa basi, madumu ya lita 20, aliyoyateka nje ya mwamba wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, mbali na mdomo wa mto. Makonda walimuuliza kama Mlima Meru umekauka. Alilipia mzigo, akakaa kimya.

Kila jioni nilipima. Maji hupaa kwa mvuke na chumvi inabaki, kwa hiyo niliongeza maji ya mvua kidogo kidogo ili chumvi isizidi gramu 35 hivi kwa lita. Joto nyuzi 25. Usiku nilidondosha maji ya chokaa safi kwa mpira wa dripu ambao mume wangu, muuguzi, aliniletea. Kulikuwa na majuma ambayo utando mwekundu ulifunika mchanga wote nikalala nimenuna, na kulikuwa na asubuhi ambazo niliona tumbawe limetoa ncha mpya nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele, nikamwamsha mume wangu aje aone. Aliamka, akaona, akarudi kulala. Namshukuru kwa kila alivyoamka.

Julai 2016 mjomba alikuja na madumu yeye mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuliona tangi. Alivua viatu mlangoni, akasogeza kigoda mbele ya kioo, na chakula kikapoa mezani. Mwisho akasema, "Mwanangu, huku juu mmeweka kitu ambacho kwetu kinakwisha." Akanieleza kwamba masika ya mwaka ule maji ya pwani yalikuwa ya moto, na alipozama kufungua madema aliona mwamba umepauka, meupe matupu. Nilijua sababu kwa kuwa shuleni naifundisha kwenye somo la sayansi: ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani mdogo sana unaolilisha kwa nguvu ya jua, na joto likizidi kwa majuma, tumbawe huutoa mwani huo, likabaki na njaa. Lakini kuifundisha ubaoni ni jambo moja. Kumsikia mtu aliyekuonyesha mwamba huo akikueleza ni jingine.

Saa mbili usiku transfoma ya mtaa wetu ikapiga mlio mmoja, taa zikazima.

Kukatika kwa umeme hakukuwa kugeni. Nilikuwa na pampu ndogo ya hewa ya betri, nikaiwasha. Betri zikaisha kabla ya saa sita, na duka lenye betri zile lilishafungwa. Hapo ndipo hofu iliponishika. Pampu zikisimama, maji hayageuki, na maji yasiyogeuka hayapokei hewa mpya. Mchana matumbawe hutoa oksijeni kwa sababu ya mwani wake. Usiku nayo huivuta, pamoja na samaki, pamoja na bakteria wote walio kwenye mawe, wale wanaosafisha sumu ya uchafu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo hata maji yenyewe hubeba oksijeni pungufu. Halafu Julai. Wageni hawajui baridi ya Julai ya Arusha. Hita ilikuwa imezima, na nje mtu alitoa mvuke mdomoni.

Samaki wakapanda juu, midomo kwenye uso wa maji.

Mjomba hakuniuliza la kufanya. Alichukua kata jikoni, akaanza kuchota na kumwaga kutoka juu, kuchota na kumwaga, kwa mkono ule ule aliozoea kufulia maji ya ngalawa. Maji yakitoka juu huanguka na hewa. Mume wangu akampokea, mimi nikampokea mume wangu. Tuliendelea hivyo hadi mabega yakawaka moto.

Kelele za maji usiku wa manane zikamleta kijana wa jirani, fundi pancha wa pale njia panda.

"Hodi, mwalimu. Bomba limepasuka?"

Nikamweleza. Aliangalia wale samaki kwa tochi ya simu, akaangalia mpira wa dripu uliokuwa ukining'inia kwenye dumu la chokaa, akatoka bila kuaga. Alirudi akiviringisha tyubu ya lori, pampu ya mkono begani. Aliijaza hadi ikatuna, akalegeza valvu, akaunganisha mpira wa dripu tuliokwisha kuusuuza, akafunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na ncha ya pili akaitumbukiza tangini ikiwa na jiwe la mapovu. Kile kigurudumu kidogo ambacho wauguzi hupunguzia dawa, yeye alipunguzia upepo. Mapovu yakapanda mamoja mamoja, kisha kwa mfululizo. Mjomba akacheka kwa sauti. Tyubu ikilegea, kijana aliijaza tena. Hakuondoka hadi kulipokucha, na asubuhi alifungua kibanda chake kama kawaida.

Likabaki joto. Bibi wa nyumba ya pili, Mmaasai tunayemwita yeyo mtaa mzima, aliingia na mablanketi mawili na jiko la mkaa limekolea.

"Shikamoo yeyo. Naomba jiko libaki nje."

"Marahaba. Kwani wanaogopa moshi, wako majini?"

Nikamwambia kwamba hewa ya mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa inaua watu, na kwamba ile hewa tunayoitoa puani ikijaa chumbani huingia kwenye maji ikayatia uchachu. Hakubisha. Aliliweka barazani, akachemsha sufuria baada ya sufuria, nasi tukajaza chupa za plastiki, tukazifunga vizuri, tukazielesha tangini. Maji ya moto yenyewe hayakuingia hata tone, yangevuruga chumvi. Kioo tukakifunika mablanketi pande zote, tukaacha upenyo wa kuchungulia. Yeyo alichungulia mara nyingi kuliko mimi. Alitaka kujua kama yule mwenye minyiri ni mnyama au mmea, na nilipomwambia ni mnyama, akataka kujua anakula nini, na nani alimwona kwanza.

Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 21. Samaki wote wawili walikuwa hai. Kiumbe wa minyiri alikuwa amejikunja na kubanduka kwenye jiwe lake, mdomo umeachama. Nilisubiri kidogo, nikamnusa, harufu ilishaanza. Akiozea ndani angeweza kuwaua wengine wote, kwa hiyo nilimtoa kwa mikono yangu, nikamfukia chini ya mparachichi. Nililia pale. Mjomba alisimama karibu, koleo mkononi, akaniacha nilie.

Umeme ulirudi saa nne asubuhi. Siku zilizofuata tumbawe gumu la matawi lilichunika nyama kuanzia chini kwenda juu, nami nikakata ncha chache zilizokuwa bado na rangi, nikazigundisha kwenye jiwe jingine. Mbili zilishika. Matumbawe laini yalikaa yamefumba, halafu yakafunguka moja baada ya jingine. Pesa tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya makochi mapya mume wangu alizipeleka mjini, akarudi na inveta na betri kubwa. Hakuniuliza, nami sikumkataza.

Samaki ndio walionisumbua moyo. Walikosa nyumba, wakawa wanaelea kona ya juu, karibu na bomba la pampu, bavu kwa bavu. Mjomba alikuwa ameshateremka Tanga, na kila Ijumaa baada ya swala alinipigia simu kuulizia.

"Bwana na bibi yake wamehamia wapi?"

"Bado wako konani, mjomba."

Ijumaa moja nikawa na jibu jingine. Jike alikuwa ameingia kwenye tumbawe laini lile kubwa, akajisugua ubavu kwenye nywele zake, akatoka, akaingia tena. Jioni dume akamfuata.

"Na tumbawe limekubali?"

"Siku ya kwanza lilifumba. Leo limefunguka, wao wamo ndani."

"Basi," akasema, "niambie unataka madumu mangapi. Bamvua ni wiki ijayo."