Mkopo wa Gari Umekwisha: Nibadilishe Gari au Nibaki Nalo?

Benki hazimpendi mteja asiye na deni. Kabla awamu ya mwisho ya mkopo wa gari langu haijakatwa kwenye mshahara, afisa mmoja wa mikopo alikuwa amekwisha kunipigia simu, akiniita mzee kwa adabu zote, na kunieleza kwamba kwa makato yale yale niliyoyazoea ningeweza kuiacha Toyota Fielder yangu ya cc 1500 na kuendesha gari kubwa zaidi, la miaka ya karibuni. Nilimwomba muda wa kufikiri, nikakaa na kalamu.

Maneno hayo, "makato yale yale", ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Gari likiwa ghali zaidi na makato yasipopanda, tofauti ya bei lazima ilipwe na kitu kingine, na vitu hivyo ni viwili tu: gari lako la zamani, ambalo linamezwa kama malipo ya awali, na miezi inayoongezwa mwishoni mwa mkopo. Chukua mkopo wa shilingi 1,500,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayopigwa kwa salio linalopungua, yaani juu ya deni lililobaki tu. Kwa miezi 48 utalipa takriban 42,500 kila mwezi, na riba yote itafika kama 540,000. Ukiyashika makato hayo hayo na kuyanyoosha hadi miezi 60, benki itaweza kukuongezea mkopo kwa kiasi cha 250,000 hivi, lakini riba yako itapanda hadi karibu 800,000. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya pesa za mwaka huo wa tano inakwenda kwenye riba, na gari lililokuwa lako bila deni halipo tena. Yadi za kuuza magari nazo zina hesabu yao: nyingine hutangaza riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ambayo yaonekana nafuu mpaka utambue kwamba inapigwa kwa mkopo wote wa awali hata pale ulipokwisha kulipa nusu. Kwa miaka minne, asilimia 10 ya namna hiyo ni sawa na karibu asilimia 18 ya salio linalopungua.

Jambo la pili ni kodi, na kwangu mimi ndilo lililoamua. Sisi wakazi wa Mombasa huyaona magari yakishuka melini Kilindini tukadhani tuko karibu na bei nafuu, lakini kodi haiulizi kama unakaa Nyali au Kisii. Mamlaka ya Mapato haianzi na bei uliyolipa Japani, bali na bei ya rejareja iliyomo kwenye orodha yake yenyewe, ambayo hupunguzwa kulingana na umri wa gari. Tuseme thamani ya forodha, yaani ile inayopigiwa kodi, ya gari la zaidi ya cc 1500 ni shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha, uliopandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35, ni 350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 unapigwa juu ya jumla ya thamani hiyo na ushuru wa forodha, nao ni 337,500. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inapigwa juu ya vyote vilivyotangulia, nayo ni 270,000. Ongeza ada ya uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, zote za thamani ya forodha, na kodi zote zinafika shilingi 1,002,500, yaani zinaipita thamani ya gari lenyewe. Kwa hiyo ninapokopa ili kubadilisha gari, karibu nusu ya bei ya gari hilo huwa ni kodi, na kodi hiyo nailipia riba kwa miaka mitano.

Ukweli huo huo una upande wake mzuri kwa anayebaki na gari alilo nalo. Kenya hairuhusu kuagiza gari lililopita miaka minane. Mwaka 2025, kwa mfano, lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya mwaka 2018 halikukubaliwa. Kila mwaka mlango huo unasogea mbele, magari yanayoruhusiwa yanakuwa ghali zaidi, na yale yaliyokwisha kuingia nchini hayashuki bei kwa kasi ambayo mtu angetarajia. Fielder yangu inazeeka taratibu kwenye soko kuliko inavyozeeka barabarani, ingawa chumvi ya hewa ya pwani inafanya kazi yake kwenye bodi kila siku.

Je, gharama za ukarabati? Hapa watu wengi huogopa bila kuhesabu. Riba ya ule mkopo wa miezi 60 ni wastani wa shilingi 160,000 kwa mwaka, kabla hujagusa bima iliyopanda kwa sababu thamani ya gari imepanda, na kabla ya petroli ya injini kubwa. Kwa kiasi hicho fundi wangu wa Tudor anaweza kubadilisha shoki zote nne, bushi, breki na oili ya giaboksi, na chenji ikabaki. Vipuri vya gari hili vinapatikana kila mahali. Mpaka siku ambayo bili za gereji kwa mwaka mzima zitaipita riba ya mkopo mpya, hoja ya kwamba "gari la zamani linakula pesa" haijathibitika, kwangu angalau.

Kilichonishughulisha zaidi ni makaratasi, na ningemshauri mtu yeyote ayamalize kabla hajakanyaga yadi. Logibuku, yaani hati ya umiliki, ya gari lililonunuliwa kwa mkopo huwa na majina mawili, la benki na la kwako, na kulipa awamu ya mwisho hakuliondoi jina la benki. Unahitaji barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, kisha benki iachilie umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nawe ukubali upande wako. Hakikisha pia kwamba dhamana ya benki juu ya gari imefutwa kwenye rejista ya mali zinazohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2017. Iandikie kampuni ya bima iliondoe jina la benki kwenye hati yako, kwa sababu lisipoondolewa, fidia ya ajali huenda ikapelekwa kwa mtu usiyemdai wala asiyekudai. Ukibadilishana gari wakati jina la benki bado limo, utapata bei ya mtu asiye na pa kwenda.

Bima yenyewe sitaishusha kuwa ile ya mtu wa tatu, ijapokuwa sasa hakuna anayenilazimisha kukata iliyo kamili. Gari likiibwa, ningekuwa nimepoteza kitu pekee nilichokipata kwa miaka yote ya makato.

Kwa hiyo ninabaki nalo. Makato hayarudi yote kwenye matumizi ya nyumbani. Mimi na mke wangu tumekubaliana kwamba sehemu kubwa iende kwenye Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo, siku ile ile ya mshahara, kabla hatujaizoea. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, hivyo miaka miwili ya kuweka 30,000 kila mwezi ni akiba ya 720,000, na siku hiyo nikihitaji gari nitakopa kidogo tu, au nisikope kabisa.

Uamuzi ungekuwa tofauti kama gari lingekuwa linaniingizia pesa, au kama familia isingetosha tena viti vitano. Mama mkwe akihamia kwetu kutoka Voi, kama inavyozungumzwa, nitaifungua hesabu hii upya. Afisa wa benki nilimpigia mwenyewe kumpa jibu. Aliniuliza kama basi ningependa mkopo wa kiwanja.