Lori la chumvi: nilivyoizoea kazi ya barabara wakati wa theluji, Michigan

Kabla ya kuhamia magharibi ya Michigan nilikuwa naendesha trela kati ya Mombasa na Malaba, kwa hiyo usukani haukunitisha. Kilichonisumbua ni chumvi. Nilipomweleza shemeji yangu wa Voi ajira niliyoipata, alicheka mpaka akakohoa. "Yaani shemeji, serikali ya Marekani inakulipa umwage chumvi barabarani?"

Inanilipa, ila kwa kuzunguka. Barabara kuu za hapa, zile zenye herufi I, US au M, ni za jimbo. Lakini katika kaunti nyingi jimbo halipeleki malori yake. Linaweka mkataba na wakala wa barabara wa kaunti, kisha linarudisha gharama: saa za dereva, matumizi ya lori, chumvi iliyotumika. Ndiyo maana nikiacha M-37 na kuingia barabara ya kaunti, hata kwa maili mbili, inabidi nibadilishe namba ya kazi kwenye karatasi ya zamu. Wenzangu wengine wanauona ukarani wa bure. Mimi naona ni haki, fedha za barabara kuu zisiishie kwenye mtaa wa jirani yangu.

Sasa chumvi, tunayoimwaga ili iyeyushe barafu. Kwenye dashibodi kuna namba mbili, joto la hewa na joto la lami. Mzee niliyepangwa naye zamu za mwanzo aliifunika ile ya hewa kwa kidole gumba, akasema, "Matairi hayatembei hewani." Tangu hapo maamuzi yangu yote yanaanzia kwenye lami. Ikiwa karibu na sifuri, chumvi kidogo inafanya kazi kubwa. Ikishuka hadi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi kavu inalegea, inakaa juu ya barafu bila kuyeyusha cha maana. Hapo tunaongeza kalsiamu kloraidi, chumvi ya aina nyingine inayoyeyusha hata kwenye baridi kali zaidi, au tunamwaga mchanga ili matairi yapate pa kushika. Mchanga hauyeyushi kitu, na watu wakiuona wanadhani tumeishiwa.

Chumvi ikitoka kavu inadunda kwenye lami na kuishia mtaroni, kwa hiyo tunailowesha kwa maji ya chumvi pale inapotoka kwenye lori. Maji hayo yana chumvi takriban asilimia 23, kiwango ambacho huganda kwa shida kuliko vingine, hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwenye barabara ya leni mbili siitawanyi kotekote. Naiweka mstari mwembamba katikati, palipoinuka, halafu yale maji yanateremka yenyewe pande zote mbili na kupenya chini ya barafu, yakaibandua kutoka kwenye lami. Kisha naiacha. Hili ndilo lililonichukua muda kulizoea: ukirudi mapema mno na bledi, lile bamba la chuma la kusukuma theluji, unaisukuma chumvi yako mwenyewe kando ya barabara kabla haijafanya kazi. Kusubiri huku theluji inaanguka na magari yamejipanga nyuma yako kunahitaji moyo.

Hayo magari ndiyo yanayonichosha kuliko baridi. Nikimwaga chumvi natembea kama maili 25 kwa saa, maana nikikimbia inaruka. Tangu 2016 sheria ya Michigan inaturuhusu kuwasha taa za kijani zinazomweka pamoja na zile za njano, na zinaonekana vizuri kwenye theluji nzito. Bado yupo atakayenipita upande wenye bledi ya ubavuni, ambayo yeye haioni kwa sababu imefunikwa na vumbi la theluji.

Halafu kuna Ziwa Michigan. Upepo wa magharibi ukivuka maji ambayo bado yana joto unabeba unyevu na kuja kuumwaga huku kama theluji, kwa mikanda myembamba. Unaweza kuwa kwenye lami kavu, ukapanda kilima, ukashuka na usione hata boneti ya lori lako. Kwa hiyo sitegemei utabiri wa kaunti nzima. Nauliza kwa redio aliye upande wa ziwa anaona nini. Madaraja nayo nayapa macho mapema, kwa kuwa baridi inayapiga juu na chini, na yanaganda wakati barabara iliyolala juu ya ardhi bado ina maji tu.

Machi ikiingia, maji yaliyopenya kwenye nyufa yanaganda usiku na kuyeyuka mchana, lami inavimba na kuvunjika. Ardhi ikilegea chini yake, uzito wa malori ya mizigo unapunguzwa kwenye barabara zisizo imara. Sisi tunavua bledi, tunapakia lami baridi, ile isiyohitaji kupashwa moto, na kuanza kuziba mashimo, mengine tukijua fika kwamba mvua ijayo itayafumua. Karatasi ya zamu ni ileile, namba ya kazi tu ndiyo inabadilika.