Usiku Tulipomtoa Balad

Mwaka 2006 nilikuwa muuguzi wa ndegeni katika Jeshi la Anga la Marekani, na safari ninayoikumbuka kuliko zote ni ile tuliyomtoa Balad, Iraki, kijana aliyekuwa ametoka kupasuliwa kichwa.

Ndege yetu, C-17 ya mizigo, ilikuwa imeingia na shehena. Wapakuaji walipomaliza tu, tukaingia sisi kufunga nguzo za machela. Hivi ndivyo kazi hii ilivyo tangu enzi za C-47, ndege za mizigo za Vita vya Pili vya Dunia: ndege inakwenda na mizigo, inarudi na majeruhi. Zile C-47 zilibeba zana za vita wakati wa kwenda, kwa hiyo hazikuruhusiwa kuchorwa msalaba mwekundu, na adui alikuwa huru kuzitungua. Kundi la kwanza la wauguzi wa ndegeni, waliohitimu Bowman Field, Kentucky, tarehe 18 Februari 1943, walilijua hilo na wakapanda. Nawaheshimu mno wanawake wale.

Kijana wetu aliletwa na timu yake: daktari, muuguzi wa wagonjwa mahututi na mtaalamu wa mashine za kupumulia. Picha zilionyesha kuna hewa iliyobaki ndani ya fuvu. Ukiwa ardhini, haina neno. Ukipaa, mgandamizo unapungua, hewa ile inatanuka, na ndani ya fuvu haina pa kwenda ila kuubana ubongo. Ndege ikiwa juu, mwili wa aliyemo huwa kama uko kwenye mlima wa futi 8,000 hivi. Daktari akaandika: kwake isizidi futi 5,000.

Kwa rubani, maana yake ni kuruka chini kwenye hewa nzito, mafuta mengi zaidi, safari ndefu zaidi. Aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, hakubisha hata kidogo, akarudi mbele kupiga upya hesabu za mafuta. C-47 haikuwa na namna ya kudhibiti mgandamizo; muuguzi wa 1943 alichoweza ni kumwomba rubani ashuke. Sisi tulikuwa na karatasi iliyopanga safari ya ndege nzima kwa ajili ya kichwa cha mtu mmoja. Watu wakisimulia habari za vikosi hivi vya kusafirisha majeruhi husifia ndege. Mimi naisifia karatasi ile.

Kampira kanakoshikilia bomba la kupumulia kooni tulikajaza maji ya chumvi badala ya hewa, kwa sababu ileile ya kutanuka. Injini zikinguruma, stetoskopu haina msaada. Unaweka kiganja kifuani uhisi pande zote mbili zinainuka, unamulika mboni, unaangalia rangi ya midomo. Ndege ilitikisika sana. Askari wa machela ya jirani, aliyevunjika mguu, aliniashiria. Nikamtoa kizibo cha sikio na kumpigia kelele kumweleza kwa nini tuko chini hivyo. Akamtazama mwenzake, akasema hata ikichukua siku nzima, sawa.

Tulitua Ramstein, Ujerumani, alfajiri. Kabla hatujamshusha nilimmulika mara ya mwisho: mboni zote mbili zilisinyaa sawasawa. Basi la wagonjwa la hospitali ya Landstuhl lilikuwa linasubiri. Nikampokeza muuguzi wao makaratasi, na yote yaliyoandikwa humo nikamsomea tena kwa mdomo, neno kwa neno, mpaka akasema ameelewa.